Mzio wa kamba na kaa: mwanao aache nini, aendelee kula nini

Mama wa Digodigo anaweza kukaa miaka mingi bila kumwona kamba hata mmoja. Bahari iko mbali, na chakula cha nyumbani ni mtama, mahindi, maharage, viazi vitamu, mboga za kwenye mifereji, maziwa na nyama ya mbuzi. Kwa hiyo mzio wa vyakula vya baharini ukimtokea mtoto wa huku, wazazi huwa hawajawahi kuusikia. Tuseme mtoto amepelekwa likizo kwa shangazi yake Tanga. Jioni wamekula wali na mchuzi wa kamba, na kabla sahani hazijaoshwa midomo yake imevimba na mwili mzima umetoka vipele vinavyowasha, kama aliyeguswa na upupu.

Anapona, anarudi nyumbani na agizo moja fupi: asile tena vitu vya majini. Mama anatii. Anaacha samaki, anatoa dagaa kwenye uji wa mtoto, na pengine anaogopa hata chumvi yenye madini joto kwa sababu mtu amemwambia kwamba madini hayo ndiyo yanayowadhuru watu wenye mzio wa kamba.

Agizo hilo ni rahisi kulitoa, lakini lina makosa pande zote mbili. Linamnyima mtoto chakula kizuri ambacho huenda hakina shida yoyote kwake. Halafu halimwonyi mama kwamba hatari inaweza kuja na kitu ambacho hakijawahi kuguswa na maji ya bahari, kama senene wa kukaanga. Tutaeleza hapa ni wanyama gani wanaokwenda pamoja katika mzio huu, na kwa nini.

Kwanza, dalili zisizosubiri

Mzio wa chakula huanza ndani ya dakika chache baada ya kula, na mara nyingi hauchelewi zaidi ya saa mbili. Vipele vya kuwasha, midomo kuvimba kidogo na kuwashwa mdomoni ni dalili nyepesi, ingawa zinahitaji uangalizi wa karibu. Mambo hubadilika mtoto anapoanza kukohoa mfululizo, sauti inapokauka, kifua kinapobana na kutoa mlio kama filimbi, ulimi unapovimba, anapotapika tena na tena, au anapolegea na kutaka kulala ghafla. Hapo ni mzio mkali unaoweza kuua. Usisubiri vipele vitokee ndipo uamini, kwa maana watoto wengine hupata mzio mkali bila kipele hata kimoja.

Dawa ya mzio mkali ni moja, adrenalini, inayochomwa kwenye msuli wa paja. Zahanati, vituo vya afya na hospitali ndivyo vinavyopaswa kuwa nayo. Piritoni na setirizini hupunguza vipele na kuwashwa, lakini haziwezi kufungua koo lililovimba wala kuinua mapigo ya damu yaliyoshuka. Mama anayempa mtoto piritoni na kukaa kungoja aone anapoteza dakika ambazo hawezi kuzirudisha. Maziwa, mafuta ya kula na mkaa uliosagwa havisaidii pia, na kumtapisha kwa kidole ni hatari.

Mlaze chali, miguu iinuliwe kidogo. Kama kupumua ndiko kunakomsumbua, mwache akae kitako akiegemea mtu. Kama amezimia au anatapika, mlaze kwa ubavu. Usimsimamishe wala kumtembeza, hata akisema amepata nafuu, kwa sababu damu inaweza kushuka ghafla akaanguka. Piga simu kituoni mapema ili wakukute tayari. Gari ambalo mtoto anaweza kulala ni bora kuliko pikipiki, lakini kama kilichopo usiku huo ni bodaboda tu, msiketi mkisubiri gari ambalo halina uhakika. Hata akichomwa sindano akapata nafuu kabisa, abaki kituoni kwa saa kadhaa, maana dalili huweza kurudi mara ya pili bila yeye kula kitu kingine.

Kama mwanao amewahi kupata dalili za namna hii, nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe siku ya kawaida, mkiwa hamna dharura, ukaulize: adrenalini ipo? Nani hukaa zamu ya usiku? Namba yake ya simu ni ipi? Kwa familia za Digodigo, Samunge au Sale ambazo rufaa yao ni safari ya barabara hadi Hospitali ya Wasso, majibu ya maswali hayo yana thamani kuliko dawa yoyote ya kuweka kabatini.

Kinachodhuru ni protini, si bahari

Mzio ni kosa la utambuzi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inaikuta protini ya chakula isiyo na ubaya wowote na kuiona adui. Inatengeneza kingamwili maalumu za kuikamata protini hiyo, na siku inapoingia tena mwilini kingamwili hizo huamsha kemikali kama histamini, ambazo ndizo huleta uvimbe, kuwashwa na kubana kwa kifua.

Katika mzio wa kamba, protini inayolaumiwa zaidi huitwa tropomayosini. Iko kwenye misuli, yaani kwenye nyama yenyewe tunayoila. Haiharibiki kwa urahisi ikichemshwa, ikikaangwa wala ikikaushwa juani, ndiyo maana kamba aliyeiva vizuri kabisa bado anamdhuru mwenye mzio. Hata mvuke wa sufuria inayochemka kamba unaweza kumletea mtu mafua na kubanwa kifua, hasa akiwa na pumu.

Sasa, kinga ya mwili haijui majina ya wanyama. Inatambua umbo la protini. Mnyama mwingine akiwa na tropomayosini yenye umbo linalofanana sana na ile ya kamba, kingamwili zilezile zitaikamata na ugonjwa utakuwa uleule. Madaktari huita jambo hili mzio mtambuka. Kwa hiyo swali la kujiuliza sokoni si “huyu anatoka majini?” bali “huyu ni ndugu wa kamba?”

Kuku, ng'ombe na samaki nao wana tropomayosini, na hata wewe unayo kwenye misuli yako. Lakini ya wanyama wenye uti wa mgongo ni tofauti kiasi kwamba mara chache sana huleta mzio.

Kamba, kaa, kambakoche na uduvi: wahesabu kama mmoja

Hawa ni ndugu wa karibu mno. Wote wana ganda gumu la nje na miguu mingi iliyogawanyika vipande, na tropomayosini zao zinakaribia kuwa kitu kimoja. Makadirio yanayotumiwa sana na madaktari ni kwamba kati ya watu wanne wenye mzio wa mmoja wa wanyama hawa, takriban watatu watapata shida pia na mwingine.

Kwa hiyo mtoto aliyevimba midomo kwa kamba asipewe kaa kwa kujaribu, wala kambakoche hotelini, wala uduvi uliokaushwa ambao mgeni kutoka Pwani ameuleta kama zawadi. Hata kaa wa mtoni ni wa ukoo huohuo. Watoto wanaochunga mifugo au kucheza kando ya maji hukamata vitu na kuvichoma kwa moto wao wenyewe, mama akiwa hana habari. Mwambie mwanao waziwazi kwamba kaa si wa kuonjwa.

Ni kweli kwamba wako watu wachache wanaodhurika na kamba na kula kaa bila tatizo. Lakini hilo hugunduliwa hospitalini chini ya uangalizi wa daktari, adrenalini ikiwa mezani.

Pweza, ngisi, chaza, kome na konokono

Hapa undugu ni wa mbali zaidi. Wanyama hawa laini, wengine wakiwa na kombe na wengine bila, wana tropomayosini pia, ila inafanana na ya kamba kwa kiasi kidogo. Watu wengi wenye mzio wa kamba hula pweza bila shida, na wachache hudhurika. Kwa kuwa huwezi kujua mwanao yuko upande upi kwa kumtazama, na kwa kuwa pweza si chakula anachokihitaji kila wiki huku kwetu, ushauri wetu ni asile hadi daktari atakapomwona. Familia inayoishi Pwani au Unguja, ambako pweza ni kitoweo cha kawaida, ina sababu ya kulifuatilia suala hili hospitalini mapema badala ya kuliacha.

Nyama yenyewe ikiwa salama, kuna suala la sufuria. Katika vibanda vya chakula kama vile vya Forodhani, Zanzibar, kamba, kaa, pweza na samaki hukaa meza moja na mara nyingi huchomwa juu ya jiko moja. Muuza chipsi naye anaweza kukaanga kamba na viazi ndani ya mafuta yaleyale. Protini ya kamba hubaki ndani ya mafuta hayo.

Samaki na dagaa: hapa ndipo mtoto hupoteza chakula bure

Samaki si ndugu wa kamba. Perege, sato, sangara, kambale, changu, jodari na dagaa ni wanyama wenye uti wa mgongo, na protini inayoleta mzio wa samaki ni nyingine kabisa, iitwayo parvalbumini. Mtu anaweza kuwa na mzio wa kamba akala samaki maisha yake yote. Anaweza kuwa na mzio wa samaki akala kamba. Wako wenye yote mawili, lakini ni mizio miwili tofauti iliyomkuta mtu mmoja, mmoja haujaleta mwingine.

Kwa hiyo ikiwa mwanao alikuwa akila perege wa Ziwa Eyasi au dagaa kabla ya tukio lile la kamba, na hakuwahi kupata shida, hakuna sababu ya kumwachisha. Dagaa humpa mtoto protini, madini ya chuma, zinki, na kwa kuwa huliwa mzima na mifupa yake, kalisi pia. Tena ni rahisi kusafirisha na hahitaji jokofu. Ukimtoa kwenye uji wa mtoto wa mwaka mmoja usipoweka kitu mahali pake, umemwondolea kingi.

Lakini kuna mtego katika dagaa, na tunaomba uusome kwa makini.

Katika Ziwa Victoria wanaishi kamba wadogo sana wa maji baridi. Waluo huwaita ochong'a. Nyavu za dagaa zenye matundu madogo huwavua pamoja na dagaa, na wote huanikwa pamoja. Ukinunua dagaa wa Mwanza, mwaga kiasi kwenye ungo au kitambaa cheupe, utawanye, uangalie mchana kwenye mwanga. Dagaa ni mnyoofu, ana macho na mkia wa samaki. Kamba mdogo amejikunja kama ndoana, ana miguu myembamba mingi chini ya tumbo na ndevu ndefu kichwani. Ukimwona hata mmoja, kwa mtoto mwenye mzio mzigo huo haufai. Kuwachambua hakutoshi, kwa sababu waliovunjika wamebaki kama vumbi juu ya dagaa wenyewe. Watu wengine nyumbani wanaweza kuwala.

Majina nayo yanachanganya. Sokoni Dar es Salaam utakuta uduvi ukiuzwa kwa jina la dagaa kamba. Huo ni kamba mtupu, neno dagaa hapo linaeleza udogo tu. Kinyume chake, kambale ana jina linaloanza na kamba lakini ni samaki, tena hana uhusiano wowote na mzio huu. Ukituma mtu akununulie dagaa mjini, usimwambie “dagaa” ukaishia hapo. Mwambie ni dagaa gani.

Unga wa lishe uliochanganywa tayari una shida ya aina hiyo. Dagaa akishasagwa huwezi tena kumkagua. Kwa mtoto mwenye mzio, nunua dagaa wazima, wakague, waoshe, wakaushe na uwasage wewe mwenyewe, wa kutosha siku chache. Hilo lina faida nyingine pia: uji wenye vitu saba ndani yake, karanga na soya zikiwemo, ukimdhuru mtoto hutajua kilichomdhuru ni kipi.

Senene, kumbikumbi na wadudu wengine

Wadudu ni jamaa wa kamba. Angalia panzi na kamba: ganda la nje, miguu yenye viungo, ndevu kichwani. Tropomayosini zao zinafanana vya kutosha kiasi kwamba watu wenye mzio wa kamba wameshapata mzio kwa kula wadudu kama nyenje na panzi, na mwelekeo huohuo unaweza kutazamiwa kwa kumbikumbi.

Senene wa Bukoba husafiri kwa basi hadi mikoa yote, wakiwa wamekaangwa vizuri ndani ya mifuko, na hupendwa na watoto. Kumbikumbi hutokea na mvua na watoto huwaokota wenyewe. Kama mwanao amekuwa akila kumbikumbi miaka yote bila shida, mweleze daktari, kwa kuwa ni habari ya maana. Kama hajawahi kula, asianze.

“Lakini hakuwahi kula kamba kabla ya siku ile”

Swali hili huwasumbua wazazi wa bara zaidi ya mengine yote, na wengine hufikia kusema mtoto amerogwa au amelishwa sumu ugenini. Mzio wa chakula kwa kawaida huhitaji mwili uwe umekutana na protini kabla. Sasa mtoto wa Digodigo aliyekula kamba kwa mara ya kwanza, alikutana naye wapi?

Jibu linaweza kuwa ndani ya nyumba. Mende wana tropomayosini. Utitiri wa vumbi la nyumbani, vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoishi kwenye magodoro, mito na nguo nzito, nao wanayo. Mtoto anapovuta vumbi lenye mabaki yao kwa miaka, kinga yake inaweza kutengeneza kingamwili dhidi ya tropomayosini hiyo, na siku akila kamba kingamwili hizo zikamtambua kamba kama mtu waliyekwisha kuonana naye.

Mwaka 2003 watafiti nchini Marekani walichapisha uchunguzi uliofanywa kwa Wayahudi wanaoshika sana dini yao, watu ambao sheria ya dini huwakataza kamba na kaa tangu utotoni, na ambao walikuwa na mzio wa utitiri wa vumbi. Katika damu za baadhi yao zilikutwa kingamwili zinazoikamata tropomayosini ya kamba, ingawa hawakuwahi kumla. Shangazi wa Tanga hakumlisha mtoto sumu.

Habari hii ina upande wa pili. Kuwa na kingamwili si sawa na kuwa mgonjwa. Mtoto mwenye mafua ya vumbi anaweza kupimwa damu au ngozi, majibu yakaonyesha “mzio wa kamba”, na hali akimla hapati kitu. Ndiyo sababu daktari mzuri huanza na maelezo yako kabla ya kipimo: alikula nini hasa, kiasi gani, dalili ilianza baada ya muda gani, ilianzia wapi mwilini, alipewa nini, ilichukua muda gani kuisha. Yaandike siku hiyohiyo, au mwombe mwanao mkubwa akuandikie. Kama simu yako ina kamera, piga picha ya vipele.

Huenda haukuwa mzio

Samaki kama jodari na vibua, wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, hutengeneza histamini nyingi ndani ya nyama yao. Mtu akiwala huwa mwekundu usoni, hutoka vipele, kichwa huuma, tumbo husokota. Dalili hufanana sana na mzio, na kupika hakuiondoi histamini hiyo. Tofauti kubwa ni kwamba hapo huwa wanaugua watu kadhaa waliokula samaki yuleyule, na mgonjwa anaweza kula samaki mwingine aliye safi baadaye bila shida. Kama mezani mlikuwa sita na wanne mkavimba, mweleze daktari hivyo kabla hajamwandikia mtoto mzio wa maisha.

Nasema wa maisha kwa sababu mzio wa kamba haufanani na ule wa maziwa au mayai, ambao watoto wengi huuacha wanapokua. Mzio huu mara nyingi hudumu hadi utu uzima. Usimwonjeshe kila mwaka kuangalia kama umeisha. Kipimo cha kuonja hufanywa hospitalini tu, na daktari wa Wasso au Karatu anaweza kukuelekeza hospitali ya rufaa inayofaa.

Chumvi yenye madini joto: endelea nayo

Madini joto si protini, na mwili hauwezi kuyapata mzio kwa namna unavyoupata wa kamba. Uvumi ulizaliwa kwa kuwa vyakula vya baharini vina madini joto mengi, watu wakaunganisha mambo mawili yasiyohusiana. Hata wahudumu wa afya katika nchi nyingi waliwahi kuuamini.

Kwetu nyanda za juu uvumi huu una gharama. Maeneo ya milimani yaliyo mbali na bahari ndiyo yenye upungufu wa madini haya kwenye udongo na chakula, na ndiko rovu, ule uvimbe wa shingo, ulikokuwa wa kawaida kabla chumvi ya madukani haijaanza kuongezwa madini joto. Mama mjamzito akiyakosa, ubongo wa mtoto aliye tumboni huathirika. Mtoto mwenye mzio wa kamba anaihitaji chumvi hiyo sawa na ndugu zake. Vivyo hivyo dawa ya kahawia ya kusafishia vidonda yenye madini joto inaweza kutumika kwake, na mzio wa kamba peke yake haumzuii kuchomwa dawa ya kipimo cha CT akihitaji.

Nje ya nyumba

Nyumbani Digodigo hatari ni ndogo, mradi umekagua dagaa. Hatari iko safarini, bweni na mjini. Mwandikie mzio wake kwenye ukurasa wa kwanza wa kadi ya kliniki, kwa maneno mazima: “Ana mzio wa kamba, kaa, kambakoche na uduvi. Dagaa safi na samaki anakula.” Sentensi ya pili ni muhimu kama ya kwanza, vinginevyo matroni wa shule atamnyima samaki kwa nia njema. Akisafiri, mpe karatasi yenye maneno hayohayo.

Pakiti za tambi za kupika haraka na viungo vya mchuzi vina ladha za aina nyingi, na nyingine zina unga wa kamba. Geuza pakiti usome viambato. Kama lugha iliyoandikwa huielewi, iache dukani.

Kama ana pumu, itibiwe ipasavyo hata wakati hana dalili, kwa sababu mzio wa chakula ukimpata mtoto ambaye pumu yake haijatulia, kifua hufunga upesi na vibaya zaidi.

Ukiwa unanyonyesha, au ana wadogo zake

Endelea kunyonyesha. Mama anayenyonyesha hahitaji kuacha kamba wala samaki kwa kuogopa kumpa mtoto mzio, isipokuwa daktari amegundua kwamba mtoto huyo anadhurika kupitia maziwa, jambo ambalo ni nadra.

Wadogo zake hawana mzio kwa sababu tu kaka yao anao. Wakitimiza miezi sita na kuanza chakula cha ziada, wapewe samaki na dagaa kama watoto wengine, kidogo kidogo, kitu kimoja kipya kwa wakati mmoja, asubuhi au mchana ili uwaone wakiwa macho. Kuwacheleweshea hadi wafike miaka miwili au mitatu hakuwakingi. Kama wewe au mumewe wa dada yako ana pumu au mzio wowote, haina maana ya kubadilisha utaratibu huo. Lakini kama mdogo huyo ameshawahi kuvimba au kutoka vipele kwa chakula chochote, au ana ukurutu mkali usoni na kwenye viwiko, zungumza na nesi wa kliniki kabla ya kumpa uji wa kwanza wenye dagaa.